Kumisi kwa injini ya turbo

Kumisi kwa injini ni hali ambapo silinda moja au zaidi hushindwa kuchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa wakati wake, au huuchoma nusu tu. Dereva huhisi gari likitetemeka, likikosa nguvu au likishtukashtuka linapopanda mlima. Mafundi wa Afrika Mashariki husema "gari linamisi" au "plagi haichomi", ingawa plagi ni sababu moja tu kati ya nyingi.

Injini yoyote inaweza kumisi. Injini yenye turbo ina tabia yake ya pekee: mara nyingi huenda vizuri gari likiwa limesimama au likitembea polepole, kisha humisi pale turbo inapoanza kusukuma hewa kwa nguvu. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza katika uchunguzi si "ni kifaa gani kimeharibika?" bali "injini inamisi wakati gani?" Jibu la swali hilo hupunguza orodha ya sababu kuliko kubadilisha vifaa kwa kubahatisha, na huokoa pesa nyingi.

Makala hii inahusu hasa injini za petroli. Injini za dizeli zimeelezwa kwa kifupi kuelekea mwisho.

Jinsi silinda inavyochoma

Ili silinda ya injini ya petroli ichome vizuri inahitaji mambo manne: hewa ya kutosha, mafuta kwa kipimo kinacholingana na hewa hiyo, mgandamizo mzuri, na cheche yenye nguvu inayotokea kwa wakati sahihi. Kimoja kikipungua, silinda humisi.

Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huchoma mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inatakiwa kuchoma mara 25 kwa sekunde. Silinda moja kati ya nne ikiacha kuchoma kabisa, injini hupoteza takriban robo ya nguvu yake na mtetemo huonekana wazi. Ikikosa mara chache tu kwa dakika, dereva anaweza asihisi chochote, lakini kompyuta ya injini huhesabu.

Kompyuta hugundua kumisi kwa kupima mwendo wa kranki. Kila silinda inapochoma, kranki huongeza kasi kidogo. Silinda isipochoma, kranki hupungua kasi kwa muda mfupi sana, na sensa ya kranki huona tofauti hiyo. Kwa kuwa kompyuta inajua ni zamu ya silinda ipi, inaweza kuitaja silinda yenye tatizo.

Turbo na mzigo wa ziada

Turbo ni kifaa chenye magurudumu mawili ya mapanga yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza, yaani turbini, huzungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini. Gurudumu la pili, yaani kompresa, huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Magari madogo ya kwanza yenye turbo kuuzwa kwa umma yalitoka Marekani mwaka 1962: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder.

Turbo huongeza uwezekano wa kumisi kwa njia tatu.

Ya kwanza ni cheche. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti inayohitajika ili umeme uruke kati ya ncha mbili hutegemea presha ya gesi iliyo katikati na umbali kati ya ncha hizo. Presha ikipanda, volti inayohitajika hupanda pia. Usawa wa bahari hewa ina presha ya takriban ba 1. Turbo ikiongeza ba 1 nyingine, hewa inayoingia kwenye silinda hukaribia kuwa maradufu, na baada ya pistoni kuigandamiza cheche hukutana na kizuizi kikubwa zaidi. Koili iliyochoka inaweza kutoa volti za kutosha gari likiwa limesimama na kushindwa kabisa dereva anapokanyaga mafuta. Cheche ikishindwa kuruka kwenye pengo la plagi, hutafuta njia nyingine, kwa mfano kupitia ufa kwenye mpira wa koili hadi kwenye chuma cha injini.

Ya pili ni hewa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa tu. Injini ya turbo huvuta hewa ikiwa kwenye mzunguko wa chini (gari limesimama na injini inawaka, hali ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita sailensa), kisha husukumiwa hewa inapobeba mzigo. Tundu moja kwenye mpira wa hewa linaweza hivyo kuwa na tabia mbili zinazopingana. Kama liko baada ya throto (mlango wa hewa unaofuata mguu wa dereva), huingiza hewa isiyopimwa kwenye mzunguko wa chini, na mafuta huwa machache kuliko hewa. Turbo ikianza kazi, tundu hilohilo huvujisha hewa nje. Kama injini hupima hewa kwa sensa iliyo kabla ya turbo, kompyuta itapeleka mafuta ya hewa ambayo haikufika kwenye silinda. Mchanganyiko huwa na mafuta mengi, moshi mweusi hutoka na plagi huloa.

Ya tatu ni mafuta na joto. Kila hewa ya ziada inahitaji mafuta ya ziada. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta kwa uzito, lakini injini nyingi za turbo zikiwa na mzigo mkubwa hupewa mafuta zaidi, takriban 11 hadi 12 kwa 1, ili kupoza silinda. Pampu dhaifu au chujio lililoziba halionekani kwenye mzunguko wa chini, ila hujulikana pale mahitaji yanapopanda.

Dalili

Dalili za kawaida ni hizi:
- injini kutetemeka gari likiwa limesimama;
- gari kushtukashtuka au kusita turbo inapoanza kuvuta;
- mlio wa kupasuka kwenye ekzosi;
- harufu ya petroli mbichi kwenye moshi;
- matumizi ya mafuta kuongezeka;
- taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi.

Katika magari yanayofuata kiwango cha OBD-II, namna taa inavyowaka ina maana yake. Taa inayowaka bila kupepesa huonyesha hitilafu inayohitaji kuangaliwa. Taa inayopepesa wakati gari linamisi ni onyo kwamba kiasi cha kumisi kinatosha kuharibu katalisti. Dereva anatakiwa kupunguza mwendo mara moja, kuacha kukanyaga mafuta kwa nguvu, na kusimama mahali salama.

Kuna hali mbili zinazofanana na kumisi lakini si kumisi. Ya kwanza ni kompyuta kukata mafuta kwa makusudi kwa sababu presha ya turbo imezidi kiwango. Dereva huhisi kama gari limegonga ukuta, kisha nguvu hurudi anapoachia mguu. Hapo tatizo huwa kwenye vali inayodhibiti presha ya turbo au kwenye mpira mdogo unaoiongoza, na kubadilisha koili hakutasaidia. Ya pili ni kuteleza kwa klachi au gia za otomatiki, ambako mizunguko ya injini hupanda bila gari kuongeza mwendo.

Hatari ya kuendelea kuendesha

Silinda isiyochoma hutoa petroli mbichi na hewa kwenye ekzosi. Vikifika kwenye katalisti (baadhi ya mafundi huiita masega kwa sababu ya umbo lake la ndani), huungua humo na joto linaweza kupita nyuzi 1,000 za selsiasi. Masega huyeyuka au huvunjika na kuziba njia ya moshi. Katalisti iliyoziba huzuia turbini kuzunguka vizuri, na gari hukosa nguvu hata baada ya kumisi kwenyewe kutengenezwa.

Katika baadhi ya magari hatari ni kubwa zaidi. Subaru Impreza WRX zilizouzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na katalisti ndogo iliyowekwa kabla ya turbo. Vipande vyake vikivunjika huenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbini.

Petroli isiyoungua pia huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini, ambako huchanganyika na oili ya injini na kuifanya nyepesi. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na hutegemea oili hiyo. Plagi zisizobadilishwa kwa wakati zinaweza hivyo kuishia kugharimu katalisti na turbo.

Kodi za hitilafu

Kiwango cha OBD-II kilikuwa cha lazima kwa magari madogo mapya Marekani kuanzia modeli ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo mengi kati ya yaliyotumika yanayoingia Kenya, Tanzania na Uganda, hayakufuata kiwango hicho wakati mmoja. Baadhi ya yale ya zamani yana soketi ileile lakini hayasomeki kwa kifaa cha bei nafuu, bali huhitaji mashine inayojua lugha ya kampuni husika.

Kodi zinazohusiana na kumisi ni pamoja na:
- P0300: kumisi kwa silinda mbalimbali bila mpangilio
- P0301, P0302, P0303, P0304: kumisi kwa silinda ya 1, 2, 3 au 4
- P0351 hadi P0354: hitilafu ya umeme wa koili ya silinda husika
- P0201 hadi P0204: hitilafu ya umeme wa nozeli ya silinda husika
- P0171: mafuta ni machache kuliko hewa
- P0172: mafuta ni mengi kuliko hewa
- P0087: presha ya mafuta kwenye reli ni ndogo mno
- P0299: presha ya turbo haitoshi
- P0234: presha ya turbo imezidi
- P0335 na P0340: hitilafu ya sensa ya kranki au ya kamshafti

Kodi hutaja mahali, haitaji kifaa. P0303 inasema silinda ya 3 haichomi. Haisemi kwamba koili ya 3 imekufa. Kodi moja ya silinda huelekeza kwenye kitu cha silinda hiyo peke yake: plagi, koili, nozeli, valvu au pistoni. P0300, au kodi za silinda nyingi kwa pamoja, huelekeza kwenye kitu kinachotumiwa na silinda zote: hewa inayovuja, pampu ya mafuta, sensa, taimingi au petroli yenyewe.

Kabla ya kufuta kodi, fundi anatakiwa kuandika taarifa zilizohifadhiwa pamoja nayo: mizunguko ya injini, joto, mzigo na mwendo wa gari wakati hitilafu ilipotokea. Taarifa hizo zikifutwa, ushahidi umepotea.

Wakati wa kumisi na pa kuanzia

- Asubuhi tu injini ikiwa baridi, kisha hutulia: kaboni kwenye valvu, nozeli inayovuja, maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, au mgandamizo mdogo.
- Gari likiwa limesimama tu: hewa inayoingia baada ya throto, valvu isiyofunga, nozeli iliyoziba.
- Turbo inapovuta tu: plagi zilizochakaa au zenye pengo kubwa, koili dhaifu, hewa inayovuja, presha ndogo ya mafuta.
- Wakati wa mvua au baada ya kuosha injini: koili iliyopasuka, maji kwenye mashimo ya plagi, soketi zilizolegea.
- Injini ikipata joto: koili au sensa ya kranki inayokufa kwa joto.
- Wakati wote, silinda moja: nozeli au koili iliyokufa, waya uliokatika, valvu iliyoungua au pistoni iliyovunjika.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi mzuri huanza na yale yasiyo na gharama na kuishia kwenye yale yanayohitaji kufungua injini.

Kuangalia kwa macho. Fundi hukagua mipira yote ya hewa kutoka kwenye chujio hadi kwenye injini, pamoja na klipu zake. Mpira uliochomoka kwenye kipoza hewa ni tatizo la kawaida baada ya matengenezo mengine. Soketi za koili za plastiki hukauka kwa joto la turbo na kuvunjika masikio yake, kisha hulegea gari linapopita kwenye barabara mbovu.

Kusoma plagi. Plagi zote hutolewa na kupangwa kwa mfuatano wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu huonyesha mafuta mengi au cheche dhaifu. Oili huonyesha ringi, sili za valvu au sili za turbo. Plagi iliyosafishwa na kung'aa kuliko wenzake huweza kuwa inaoshwa na maji ya rejeta. Ufa kwenye kauri, au mstari mweusi unaoshuka kando yake, huonyesha cheche ilikuwa inapita nje.

Kubadilishana. Koili ya silinda inayomisi huhamishiwa kwenye silinda nyingine, kodi hufutwa, na gari huendeshwa katika hali ileile iliyoleta tatizo. Kodi ikihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Isipohama, plagi hubadilishwa mahali kwa njia ileile, kisha nozeli kama zinafikika kwa urahisi. Jaribio hili halina maana iwapo gari litajaribiwa likiwa limesimama wakati tatizo hutokea mlimani. Koili haitakiwi kuchomolewa injini ikiwa inawaka: umeme wake ni wa maelfu ya volti.

Kusoma namba za mafuta. Mashine huonyesha ni asilimia ngapi kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Tofauti ya asilimia 5 juu au chini ni ya kawaida. Namba ikiwa kubwa kwenye mzunguko wa chini kisha ikashuka mizunguko inapoongezeka, hewa inaingia mahali. Namba ikiwa nzuri kwenye mzunguko wa chini kisha ikapanda gari linapobeba mzigo, mafuta hayafiki ya kutosha, au sensa ya hewa inapima pungufu.

Kutafuta uvujaji wa hewa. Njia bora ni mashine ya moshi. Bila mashine hiyo, mdomo wa mpira kabla ya turbo huzibwa kwa kifuniko chenye vali, hewa ya kompresa huingizwa taratibu, na maji ya sabuni hupakwa kwenye maungio. Presha isizidi ile ambayo turbo yenyewe hutoa. Kupulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini inayowaka ni hatari, kwa kuwa ekzosi ya turbo huwa na joto la kutosha kuwasha moto.

Kupima presha ya mafuta. Kipimo lazima kifanyike injini ikiwa na mzigo. Presha nzuri gari likiwa limesimama haithibitishi kitu.

Kupima mgandamizo. Plagi zote hutolewa, mafuta na koili hukatwa umeme, throto hufunguliwa kabisa, na injini huzungushwa kwa stata. Namba yenyewe hutofautiana kati ya injini na injini. Jambo la muhimu ni tofauti kati ya silinda. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba silinda ya chini isipungue asilimia 75 ya ile ya juu. Silinda ikiwa chini, hewa huingizwa ndani yake valvu zikiwa zimefungwa na fundi husikiliza inakotokea: kwenye throto ni valvu ya kuingiza, kwenye ekzosi ni valvu ya kutoa, kwenye mfuniko wa oili ni ringi au pistoni, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi. Desturi ya kumimina oili kidogo kwenye silinda ili kutofautisha ringi na valvu haiaminiki kwa injini za Subaru zenye silinda zilizolala, kwa sababu oili hukaa upande mmoja tu.

Matengenezo

Plagi. Hii ndiyo sababu ya kwanza kuangaliwa. Plagi ya injini ya turbo hutakiwa kuwa na pengo dogo kuliko ya injini ya kawaida. Kwa injini za turbo za Subaru aina ya EJ, kwa mfano, pengo ni milimita 0.7 hadi 0.8, wakati injini za EJ zisizo na turbo hutumia takriban milimita 1.0 hadi 1.1. Plagi inapochakaa pengo hupanuka, na koili hulazimika kutoa volti zaidi. Plagi za iridiamu zina ncha nyembamba sana. Pengo lake halitakiwi kupanuliwa kwa kubana ncha ya katikati. Plagi bandia zenye nembo za kampuni maarufu ni tatizo linalojulikana, na hushindwa mapema kwenye injini za turbo kwa sababu ya joto. Ni bora kutumia namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Koili. Koili mbovu hubadilishwa pamoja na plagi yake. Koili moja ikifa kwa uzee, nyingine za umri huohuo hukaribia kufuata, lakini si lazima zote zibadilishwe siku moja. Kama mashimo ya plagi yana oili, gasketi ya tapeti kava hubadilishwa kwanza, kwa kuwa oili huharibu mpira wa koili mpya pia.

Mafuta. Nozeli (Kenya: injekta) zilizoziba huweza kusafishwa kwenye mashine inayopima kiasi kinachotoka kwa kila moja. Pampu dhaifu hubadilishwa pamoja na chujio lake. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupunguza oktani na kuleta kugonga kwa injini.

Kaboni. Katika injini zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingiza hewa, hivyo haiziosha. Mvuke wa oili hujenga kaboni nene juu yake. Dawa za kumimina kwenye tangi haziwezi kufika hapo. Njia inayotumika ni kufungua manifoldi na kupulizia maganda ya jozi yaliyosagwa, au kukwangua kwa mkono kwa kutumia dawa.

Turbo. Sili za turbo zikivuja, oili huingia kwenye njia ya hewa na kuchafua plagi. Tone dogo la oili kwenye kipoza hewa ni la kawaida. Kikombe kizima si cha kawaida. Kabla ya kulaumu turbo, mfumo wa kupumulia oili hukaguliwa, kwani ukiziba husukuma oili kwenye turbo hata kama turbo ni nzima.

Mgandamizo. Hapa hakuna njia ya mkato. Valvu iliyoungua, gasketi iliyopasuka au pistoni iliyovunjika huhitaji injini kufunguliwa. Pistoni ikiwa imevunjika, chanzo lazima kitafutwe pia, kwa kawaida kugonga kwa injini kunakotokana na petroli ya oktani ndogo, mchanganyiko wenye mafuta machache, au presha ya turbo iliyoongezwa bila kurekebisha kompyuta. Bila hivyo, pistoni mpya itavunjika tena.

Mifano ya injini

Subaru Forester na Impreza zenye turbo ya lita 2.0 ni magari yanayopendwa Afrika Mashariki, hasa Kenya. Silinda zake zimelala pande mbili: 1 na 3 upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili. Plagi zimekaa kando, karibu na kuta za boneti, na kwa kuwa si rahisi kuzifikia mara nyingi huachwa kupita muda wake. Magari ya soko la Japani yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya nchi hiyo, ambayo kiwango chake ni oktani 96 au zaidi. Petroli ya kawaida ya Afrika Mashariki ina oktani ndogo kuliko hiyo. Katika injini za turbo za Subaru za lita 2.5, kuvunjika kwa sehemu ya pistoni inayobeba ringi ni hitilafu inayojulikana. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni silinda moja kumisi gari likiwa limesimama.

Injini ya lita 1.8 ya Volkswagen na Audi ni mfano unaojulikana wa koili. Mwanzoni mwa mwaka 2003 Volkswagen ilitangaza kubadilisha bila malipo koili za magari yake mengi, yakiwemo yenye injini hiyo ya turbo.

Injini ya Volkswagen ya lita 1.4 aina ya TSI yenye turbo pamoja na kompresa ya mkanda inajulikana kwa pistoni kuvunjika. Gari la aina hiyo likimisi silinda moja wakati wote, mgandamizo hupimwa mapema, kabla ya kununua koili na nozeli.

BMW N54, injini ya silinda sita yenye turbo mbili iliyoanza mwaka 2006, ni mfano wa upande wa mafuta. Pampu yake ya presha kubwa ilisababisha BMW kuita magari yarudishwe Marekani mwaka 2010. Dalili zake zilikuwa gari kuchelewa kuwaka na kukosa nguvu linapobeba mzigo.

Injini za dizeli

Dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Kwa hiyo kumisi kwa dizeli ya turbo hutokana zaidi na nozeli, presha ya mafuta au mgandamizo. Katika injini za Toyota za D-4D zinazotumika kwenye Hilux, Hiace na Land Cruiser Prado, nozeli zilizochakaa huleta mlio wa kugonga asubuhi, moshi na mtetemo. Kipimo cha kawaida ni kulinganisha kiasi cha dizeli kinachorudi kutoka kila nozeli: inayorudisha nyingi kuliko wenzake imechakaa. Nozeli inayomwaga dizeli bila kukoma inaweza kutoboa pistoni, kwa hiyo mlio huo hautakiwi kupuuzwa. Nozeli mpya huwa na namba ya usawazishaji ambayo huingizwa kwenye kompyuta ya gari.

Kuthibitisha na kuzuia

Kazi haijaisha taa inapozimika. Baada ya matengenezo, kodi hufutwa na gari huendeshwa katika hali ileile iliyokuwa inaleta tatizo: mlimani kama lilimisi mlimani, asubuhi baridi kama lilimisi asubuhi. Hesabu ya kumisi kwa kila silinda husomwa tena kwenye mashine. Kama gari lilimisi kwa muda mrefu, oili hubadilishwa kwa sababu inaweza kuwa na petroli ndani, na katalisti hukaguliwa.

Ili kupunguza uwezekano wa tatizo kurudi, plagi hubadilishwa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, oili hubadilishwa mapema na kwa aina inayofaa turbo, chujio la hewa husafishwa mara nyingi zaidi kwenye barabara za vumbi, na injini haioshwi kwa maji ya presha juu ya koili. Presha ya turbo haiongezwi bila kwanza kuhakikisha kuwa plagi, koili na pampu ya mafuta vinaweza kubeba mzigo huo.